Pampu tatu kwa tangi moja la samaki: niliyojifunza kwa hasara

Samaki 11 walikufa usiku mmoja sebuleni kwangu Tabata, na wa kwanza kuwaona alikuwa Mzee wangu. Yeye huamka kabla yetu sote. Nilimkuta saa 12 asubuhi ameketi kwenye kiti chake mbele ya tangi, nyayo zimo ndani ya maji yaliyotanda sakafu nzima, anawatazama samaki walivyoelea matumbo juu. Ndani ya kabati la chini pampu ilikuwa inakoroma bila kusukuma hata tone. Ekstensheni iliyoilisha umeme ilikuwa sakafuni, hatua mbili kutoka miguuni kwake, upande mmoja umeloa. Na umeme ulikuwapo.

Nilikimbilia meni swichi kwanza, shikamoo ikafuata baadaye. Hadi leo nikikumbuka asubuhi ile mwili unanisisimka. Ndiyo sababu naandika haya kwa urefu, gharama na makosa yote yakiwemo. Ukitaka kuweka tangi kubwa la samaki nyumbani, la lita 400, 500 au zaidi, jambo litakalokusumbua kuliko kioo, stendi na samaki wenyewe ni pampu. Mimi nililikosea mara mbili.

Mzee alikuwa mvuvi Liuli, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kwa zaidi ya miaka 40. Julai 2023 alipata kiharusi. Upande wa kulia ukalegea, ulimi ukawa mzito. Tukamleta Dar es Salaam ili awe karibu na mazoezi ya viungo. Mazoezi yalikwenda vizuri kiasi, lakini saa zilizobaki za siku alikaa sebuleni akitazama ukuta. Televisheni haikumvutia. Ukimsemesha alijibu kwa kichwa tu.

Siku moja nilipita naye kwa rafiki yangu anayefuga samaki wa Ziwa Nyasa, wale wadogo wa njano na wa bluu wanaoishi kwenye mawe, ambao wafugaji huwaita mbuna. Mzee aliinua mkono wa kushoto, akaelekeza kidole kwenye kioo, akasema neno zima la kwanza nililolisikia kutoka kwake kwa wiki mbili: "Pomonda." Jiwe la Pomonda ni lile jabali kubwa la majini pale Liuli. Utotoni wao walizamia pembeni yake, na samaki hao wa mawe, ambao si wa kuvua kama mbasa au usipa, walikuwa wa kutazamwa tu. Njiani kurudi nyumbani nilikuwa nimeshaamua.

Fundi vioo alinitengenezea tangi la futi 6 kwa 2 kwa 2, kioo cha milimita 12, pamoja na tangi la pili dogo la kukaa chini ndani ya kabati. Kioo, stendi ya chuma na kabati vilinigharimu shilingi 1,850,000. Kwa wasioujua mpangilio huu: tangi la juu lina bomba la kufurikia, maji yakifika usawa wake yanashuka yenyewe hadi tangi la chini, yanapita kwenye sponji na vipande vya kauri ambamo bakteria wanaosafisha maji huishi, kisha pampu iliyo kwenye chumba cha mwisho inayarudisha juu. Mzunguko huo haupaswi kusimama, mchana wala usiku. Bakteria wanahitaji hewa inayoletwa na maji yanayopita. Samaki nao wanahitaji uso wa maji uchezecheze ili hewa iingie. Pampu ikisimama, vyote viwili vinaanza kufa taratibu.

Tangi langu la juu, likiwa na mawe ndani, lina lita kama 560. La chini lina lita 110 hivi. Shika namba hizo, nitazirudia.

Pampu ya kwanza aliichagua fundi bomba, kijana mwema tu anayetufungia mabomba mtaani. Aliniambia, "Bosi, hapa weka nusu hosipawa, hutajuta." Ni zile pampu ndogo za chuma ambazo wengi tunazo za kupandishia maji kwenye simtanki. Nilitoa 110,000. Niliwaza kwamba kama inapandisha maji hadi juu ya paa, mita moja na nusu ya tangi langu itakuwa nini?

Kosa langu la kwanza lilikuwa hapo, na nimekutana na watu wengi waliolifanya. Kusukuma maji mbali kwenda juu na kusukuma maji mengi ni kazi mbili tofauti. Kibandiko cha pampu ile kilisema inafika mita 35 kwenda juu, lakini wingi wake ni lita 35 hadi 40 kwa dakika, yaani zisizozidi 2,400 kwa saa. Ina nguvu kubwa ambayo tangi la samaki halina haja nayo, na wingi mdogo kuliko tangi linavyotaka. Zaidi ya hayo imetengenezwa kufanya kazi nusu saa, saa moja, ipumzike. Mimi niliiacha ikizunguka saa 24. Siku ya tatu ukiigusa unatoa mkono haraka. Kelele yake ilimfanya Mzee aombe kuhamishiwa chumbani, wakati tangi lenyewe liliwekwa kwa ajili yake.

Kisha LUKU. Nusu hosipawa ni wati 370. Zidisha kwa saa 24 unapata karibu uniti 9 kwa siku. Mimi nalipa kama shilingi 356 kwa uniti, kwa hiyo pampu peke yake ilikuwa inakula zaidi ya 3,100 kila siku, karibu 95,000 kwa mwezi. Mke wangu ndiye aliyegundua, kwa sababu yeye ndiye hununua umeme. Na nilipoifungua nikaona impela, ile gurudumu ndogo yenye mapanga inayozungusha maji, ni ya shaba. Shaba ikiyeyuka majini ni sumu kwa samaki hata ikiwa kidogo. Bahati njema nilikuwa sijaweka samaki bado. Nikaing'oa siku ya tano, nikaifunga inapostahili, kwenye simtanki, na mpaka leo inafanya kazi yake vizuri.

Pampu ya pili niliifuata Kariakoo mwenyewe. Safari hii nilijua nataka pampu ya kuzama, ya plastiki, yenye shafti ya kauri, iliyotengenezwa kwa ajili ya samaki. Boksi liliandikwa 6000 L/H, wati 100, na chini yake kwa maandishi madogo H.max 4.5 m. Muuzaji alinihakikishia, "Kaka, lita elfu sita kwa saa, tangi lako inalizungusha mara kumi." Nikalipa 140,000. Oktoba nikaweka samaki 38, wadogo, kila mmoja 15,000, kutoka kwa mfugaji wa hapa Dar. Mzee akarudi sebuleni.

Kwa wiki tatu niliona mambo yanaenda, isipokuwa maji hayakuwa safi kama kwa rafiki yangu. Uchafu ulitulia nyuma ya mawe, na saa za joto samaki walipanda juu kupiga midomo kwenye uso wa maji. Nilimpigia rafiki yangu. Akaniuliza swali moja: "Umepima maji yanayofika juu?" Sikuwa nimepima. Nilikuwa nimesoma boksi.

Kupima hakuhitaji kifaa chochote cha kununua. Chukua ndoo ya lita 20, ishike chini ya mdomo wa bomba linalorudisha maji kwenye tangi la juu, washa saa ya simu, hesabu sekunde mpaka ijae. Uwe na maji ya akiba kwenye tangi la chini ili pampu isikauke. Ndoo yangu ilijaa kwa sekunde 33. Gawanya 20 kwa 33, zidisha kwa 3,600: ni lita kama 2,180 kwa saa. Boksi lilisema 6,000. Nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea kuhesabu.

Muuzaji hakunidanganya kuhusu boksi. Ile 6,000 hupatikana pampu ikiwa haipandishi maji popote, imewekwa tu kwenye beseni. Ile mita 4.5 ni kimo ambacho pampu ikifika haitoi tena hata tone; inashikilia maji tu bombani. Kati ya hapo wingi unapungua kadiri maji yanavyopanda. Kimo changu, kuanzia uso wa maji ya tangi la chini hadi uso wa maji ya tangi la juu, kilikuwa mita 1.45. Hiyo peke yake ilishaniondolea karibu theluthi. Theluthi nyingine niliipoteza kwenye mabomba, na hapo kosa ni langu na fundi: tulitumia bomba la robo tatu kwa sababu ndilo lililobaki dukani, wakati mdomo wa pampu ulikuwa wa inchi moja, na tukaweka elbo 6 ili bomba lifuate kona za kabati lionekane nadhifu. Maji yanayopita kwa kasi kwenye bomba jembamba yanasuguana na kuta, na kila elbo inayapunguza tena. Kwa pampu ndogo kama hizi hasara hiyo ni kubwa kuliko unavyofikiri.

Nikaenda kununua bomba la inchi moja na kipande cha mpira laini, nikapunguza elbo hadi 2. Gharama 27,000 na nusu siku ya Jumamosi. Nikapima tena: sekunde 22. Lita 3,270 kwa saa, kwa pampu ileile. Kama unasoma haya na tayari una pampu ambayo unaona haina nguvu, anza na bomba kabla hujatoa hela ya pampu nyingine.

Swali la tangi linahitaji kiasi gani lina majibu mengi. Mimi naweza kusema kwa samaki wangu: hawa ni wa kwenye mawe penye mawimbi, wanakula sana na kuchafua sana, hivyo nataka maji yote ya tangi yapite chini mara 6 hadi 8 kwa saa. Kwa lita 560 hiyo ni kati ya 3,400 na 4,500. Mtu mwenye samaki wa maji tulivu, au mimea mingi, anaweza kuridhika na mara 4. Ila hesabu ifanywe kwa maji yanayofika juu, si kwa namba ya boksi.

Nilikuwa nimefika karibu na lengo. Nikaridhika, na sikujiuliza kitu ambacho kila anayekaa nchi hii mwaka ule wa 2023 alipaswa kujiuliza: umeme ukikatika, nini kinatokea?

Mnakumbuka mgao wa mwishoni mwa 2023. Umeme ulipokatika mchana nilikuwa kazini, na mke wangu alizoea kuziba bomba la kurudishia kwa kitambaa, kwa sababu mara ya kwanza aliona maji yanarudi nyuma akashtuka. Alinieleza. Mimi nikasema nitalishughulikia wikiendi. Wikiendi mbili zikapita. Usiku mmoja wa Novemba umeme ulikatika saa 4, tumeshalala.

Nimepanga upya kilichotokea kwa kutazama alama za maji kwenye kioo, na ninakieleza polepole kwa sababu hiki ndicho kilichoniumiza. Mdomo wa bomba langu la kurudishia ulikuwa umezama sentimita 15 chini ya uso wa maji. Pampu iliposimama, maji yakaanza kurudi chini kupitia bomba lilelile, kama unavyofyonza mafuta ya gari kwa mpira: ukishaanza, yanajivuta yenyewe hadi mdomo utokeze hewani. Sentimita 15 za tangi langu ni kama lita 150. Tangi la chini lilikuwa na nafasi ya lita 50. Mia moja zilizobaki, ndoo 5 nzima, zikamwagika sebuleni.

Umeme ukarudi kama saa 8 usiku. Pampu ikawaka yenyewe na kuanza kurudisha maji juu, lakini sasa lita 100 hazikuwepo tena. Ikafyonza chumba chake mpaka kikakauka kabla tangi la juu halijafika kwenye bomba la kufurikia. Tangu hapo hakuna maji yaliyoshuka, hakuna yaliyopanda, na pampu, ambayo hupozwa na maji yanayoizunguka, ikazunguka kwenye hewa hadi asubuhi. Shafti ya kauri ilipasuka vipande viwili. Kwa hiyo samaki walikaa tangu saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi kwenye maji ya joto yasiyotikisika. Wakubwa ndio walitangulia kufa, kwa kuwa wanahitaji hewa zaidi.

Asubuhi ile, baada ya kumkausha Mzee miguu na kumbadilishia soksi, nilichota maji kwenye simtanki nikayamimina kutoka juu, kopo baada ya kopo, ili yaingie na hewa. Mke wangu na watoto walipokezana nami hadi saa 4 asubuhi. Waliobaki 27 walipona. Mzee alikuwa ananyamaza muda wote. Nilipokuwa naopoa maiti za samaki alinivuta shati, akatafuta maneno, akayapata: "Maji yalilala, mwanangu." Nilitoka nje nikalia kidogo.

Muuzaji alikataa kuibadilisha pampu, akasema imeungua kwa kukosa maji na hiyo haimo kwenye dhamana. Nilikasirika sana siku ile, ila maneno hayo yalikuwa yameandikwa kwenye karatasi ya maelekezo. Sikuwa nimeisoma.

Kwa miezi miwili tuliishi na pampu ya kuazima huku nikijifunza. Safari hii niliandika kwenye daftari kwanza. Kimo: mita 1.45. Bomba: inchi moja na robo, elbo 2. Maji yanayotakiwa kufika juu: lita 4,000 hivi. Umeme: usizidi wati 50. Ikikosa maji ijizime. Ikikatika umeme, iweze kutumia betri. Nilipokwenda madukani na daftari, mazungumzo yalibadilika. Badala ya kuuliza "pampu ipi nzuri?" niliuliza, "Nionyeshe mchoro wa pampu hii, kwa mita moja na nusu inatoa ngapi?" Pampu nzuri huwa na mchoro huo, mstari unaoonyesha wingi unavyopungua kadiri kimo kinavyopanda. Duka lisilokuwa nao, nilishukuru nikaondoka. Nilipita maduka manne.

Januari 2024 nikanunua pampu ya DC, yaani ya umeme wa aina ya betri, ya volti 24, lita 8,000 kwa saa, kimo cha mwisho mita 5, yenye kisanduku cha kuongezea na kupunguzia kasi. Bei yake 380,000, ambayo ni karibu mara tatu ya ile ya Kariakoo, na nilikaa siku kadhaa nikisita. Kilichoniamulia ni hesabu ya LUKU. Ile ya wati 100 ilitumia uniti 72 kwa mwezi, kama 25,600. Hii, nikiiweka kwenye kasi ninayoihitaji, inatumia wati 40, sawa na uniti 29, kama 10,300. Tofauti ni zaidi ya 15,000 kila mwezi, kwa hiyo nyongeza ya 240,000 ingerudi ndani ya miezi 16. Pampu ya samaki haizimwi kamwe, na ndiyo maana wati ni bei ya pili ya pampu. Iandike pembeni ya bei ya dukani kabla hujalipa.

Kuna faida ambayo sikuitarajia. Umeme wote unaoliwa na pampu ya kuzama huishia kuwa joto ndani ya maji. Kwa ile ya zamani kipimajoto kilikuwa kinasoma nyuzi 30 alasiri. Baada ya kubadilisha na kuelekeza feni ndogo juu ya tangi la chini, kinakaa 27 au 28 hata Februari, na maji yasiyo moto sana hushika hewa zaidi. Kwa sisi wa Dar, Tanga, Mombasa, jambo hili lina uzito ambao maelekezo ya boksi hayawezi kukuambia, maana yameandikwa kwa watu wanaonunua hita.

Niliifunga mwenyewe. Kelele karibu hakuna. Chini yake niliweka sponji nene, na kati ya pampu na bomba gumu kipande cha mpira laini cha sentimita 20, maana mtetemo husafiri kwenye PVC hadi kabatini na kabati hugeuka kuwa ngoma. Usipige gundi kila kiungo. Weka yunioni, ili uweze kuitoa pampu kwa mkono bila msumeno.

Mdomo wa bomba niliupandisha hadi sentimita 3 tu chini ya uso wa maji, na juu yake, sentimita 1 kutoka usoni, nikatoboa tundu la milimita 6. Umeme ukikatika maji yakishuka kidogo tundu linavuta hewa na mfyonzo unakatika. Lita 10 au 15 ndizo zinazorudi, na hata tundu likiziba kwa mwani hazizidi 30, ambazo tangi la chini linazipokea zote. Wengine wanaweka valvu ya kuzuia maji kurudi. Mimi siitegemei, kipande kimoja cha uchafu kikikwama humo haifungi, na hutajua mpaka usiku wa shida.

Kisha ufanye jaribio ambalo lingeniokolea samaki 11: zima pampu kwa makusudi, mchana, ukiwa umesimama pale na ndoo. Tazama maji ya chini yanapanda hadi wapi, chora mstari wa kalamu ya wino mzito, kisha washa tena uone kama inarudi kazini bila kukauka. Rudia mara tatu. Mimi nilichora mstari mwingine wa maji ya kawaida, na kila asubuhi naongeza yaliyokauka kwa joto, lita 4 au 5, kwa sababu chumba cha pampu ndicho kinachopungua kwanza.

Ekstensheni iko ukutani sasa, juu ya usawa wa tangi la chini, na kila waya unaning'inia chini ya plagi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondokee sakafuni lisiingie kwenye soketi. Fundi umeme aliniwekea pia swichi ile inayokata umeme ukivuja hata kidogo. Ilinigharimu 85,000 pamoja na ufundi. Kama una fedha ya kitu kimoja tu katika yote niliyoyaandika, nunua hicho kwanza, pampu isubiri.

Kwa kukatika kwa umeme nina betri mbili za volti 12, Ah 18 kila moja (Ah ni kipimo cha umeme ambao betri inaweka), zimeunganishwa mfululizo kupata 24, na fyuzi karibu na betri. Nikishusha kasi hadi wati 20 zinaendesha pampu kama saa 10 bila kuzichosha mno. Muulize muuzaji kama kisanduku cha pampu kinakubali betri moja kwa moja, na kinavumilia volti ngapi, kwa sababu betri zilizojaa huzidi 24. Asiyeweza kumudu hayo anunue pampu ndogo ya hewa ya betri. Yangu ilikuwa 25,000. Haisafishi maji, ila huwafikisha samaki asubuhi.

Usafi wa pampu kubwa ni kila miezi miwili. Maji yetu ya kisima yana chumvichumvi, na mbuna wanayapenda hivyo, lakini chokaa inaganda kwenye impela. Nailoweka kwenye siki iliyochanganywa na maji nusu saa, nasugua kwa mswaki wa zamani, nasuuza. Pampu nyingi zinazopelekwa kwa fundi kwamba zimekufa zinahitaji hicho tu.

Namna ya kujua siku ya kuifungua imefika ni ndoo ileile. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tunapima, mimi nashika ndoo na Mzee anahesabu. Mtaalamu wa mazoezi alisema kuhesabu kwa sauti kunamsaidia ulimi. Mwanzoni alifika tisa, akachoka, nikamalizia kwa simu. Pampu ikiwa safi ndoo inajaa kwa sekunde 17.

Mwezi huu alihesabu bila kupumzika, jicho kwenye ndoo, mkono wa kushoto ukigonga gotini: kumi na sita, kumi na saba, kumi na nane, kumi na tisa, ishirini. Ndipo ilipojaa. Akanitazama, akasema, "Chafu." Tukazima, nikafungua yunioni, nikatoa impela, ilikuwa na utelezi wa kijani na ukoko mweupe kwenye kila panga. Alichukua mswaki kwa mkono wa kulia. Ilichukua muda mrefu, na sikumsaidia. Tuliporudisha akaanza upya kuhesabu, na ndoo ikajaa akiwa kumi na saba.